Kizibo Chenye Tundu

Maiti ya Ngowa ilinuka pombe ya mnazi kabla hujaiona.

Gari lake dogo la kubebea mboga lilikuwa limebingirika kwenye mteremko wa Kakuyuni, likaegemea mkorosho kwa ubavu wa dereva. Saa nne asubuhi, nzi walishafika. Shati la marehemu lilikuwa chapachapa. Miguuni pake, chupa ya plastiki, mnazi umebaki robo.

"Mlevi," alisema Koplo Moraa, akiandika. "Faili fupi hii, Afande."

Inspekta Mwanabibi Zuhair, mpelelezi kutoka Malindi, alifunika pua kwa ncha ya mtandio. Aliinama. Kifua kimelowa. Shingo imelowa. Midomo mikavu, ina vumbi.

"Huyu alikuwa akinywa kwa kifua?"

Moraa aliacha kuandika.

Inspekta aliigeuza chupa kwa mkono wenye glavu. Kizibo kilikuwa na tundu la duara katikati, ukingo wake mweusi kwa grisi. Nani abebaye mnazi ndani ya gari kwa chupa inayovuja?

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa marehemu. Mjane, Priscilla, alikuwa ameketi mkekani.

"Mume wangu ni shemasi, Inspekta. Miaka kumi na tisa hajaonja. Mchungaji amesema mlevi haombewi na kanisa. Yuafukiwa tu, kama mbwa. Mulungu wangu!"

"Nani alimwambia mchungaji kuwa alilewa?"

"Fundi Mwaringa. Ndiye alotengeneza breki za gari juzi. Yule pale."

Mwaringa, bonge la mtu, alikuwa akiwagawia waombolezaji chai. Alikuja akijifuta macho.

"Shikamoo, Inspekta. Pombe imetumalizia ndugu yetu. Twaimba naye kwaya moja."

"Marahaba. Mara ya mwisho mlizungumza lini?"

"Juzi, alipochukua gari."

Inspekta aliandika hayo neno kwa neno.

Majibu ya daktari yalikuja mchana: tumboni chai na mahamri, damuni hamna pombe hata chembe. Rekodi ya simu ikafuata. Ngowa alipiga simu mara ya mwisho saa mbili na dakika hamsini asubuhi ile ya ajali. Alimpigia Mwaringa.

Asubuhi iliyofuata walimleta Mwaringa kwenye ua wa kituo, gari lilikokokotwa. Mkaguzi wa magari, Katana, alikuwa amefungua magurudumu ya mbele.

"Ulifanya nini kwenye gari hili?"

"Nilibadilisha pedi za breki tu."

"Tu?"

"Kalipa, vile vyuma vya kubana pedi, zilikwama. Nikazifungua, nikazisafisha, nikarudisha."

"Na pedali?"

"Ilikuwa laini kidogo. Nilimwambia akanyage mara tatu, itashika."

Katana alicheka kicheko kikavu. "Itashika! Fundi mzima! Kalipa ya kulia umeifunga kushoto, ya kushoto kulia. Tazama nipeli za kutolea upepo, zatazama chini. Upepo wapanda juu. Ungetoa mpaka kiama, usingetoka, na breki isingeshika."

Inspekta alichukua mpira mwembamba uliopatikana gereji kwa Mwaringa, ule ambao mafundi huufunga kwenye nipeli na kuutumbukiza chupani, breki zikitolewa upepo. Akaupitisha kwenye tundu la kizibo. Ukakaa kama kidole kwenye pete.

Mwaringa alitazama pembeni.

"Katana, zirudishe kalipa mahali pake."

Katana alizibadilisha, nipeli zikatazama juu. Akatia mafuta ya breki, akatoa upepo gurudumu baada ya gurudumu, Moraa akikanyaga. Mapovu yalitoka, mwisho yakakoma. Kazi yote nusu saa.

"Njoo ukanyage, fundi," alisema Inspekta.

"Sina haja."

"Kanyaga."

Alikanyaga. Pedali ilisimama, ngumu kama jiwe. Akakanyaga tena.

"Alinipigia," alisema. "Akasema inazama mpaka chini. Nikamwambia teremka polepole, nakuja na pikipiki."

"Ukamkuta?"

"Chini ya mkorosho."

"Mnazi?"

"Nilikuwa na dumu langu. Nikatia kwenye ile chupa ya breki. Nikammwagia, nikaiacha."

"Kwa nini?"

"Jina langu, Inspekta! Kakuyuni nzima waniita Daktari wa Breki. Wakijua nimefunga kalipa kinyume, nani ataniletea gari? Yeye keshakufa, nikasema, jina lamfaa nini?"

"Alikuwa keshakufa ulipommwagia?"

Mwaringa alitoa mguu kwenye pedali.

"Mwaringa."

"Alikuwa akihema."

"Alisema nini?"

"Aliomba maji."

Moraa aligeuka, akatema mate ukutani. Inspekta aliitazama mikono ya Mwaringa. Huyu ndiye aliyekuwa jana akigawa chai kwenye matanga, kwa mikono ileile.

Alimpigia simu Priscilla mbele ya Mwaringa. "Mama, mumeo hakulewa. Daktari ameandika, nami nampelekea mchungaji karatasi hiyo mwenyewe. Ataombewa."

Upande wa pili mwanamke alilia kwa sauti, kisha akasema aleluya, kisha akalia tena.

Mwaringa alifungwa pingu. Jua lilikuwa kali, jasho likimtiririka.

"Naomba maji," alisema.

Moraa alimtazama Inspekta, akakunja uso. "Huyu, Afande?"

Inspekta Mwanabibi aliutazama ule mdomo mkavu.

"Mpe," alisema. "Mpe gilasi nzima. Anywe, na anitazame akinywa."