Jina la Babu wa Tsehay

Kila Jumatano baada ya masomo, Meklit alifuta vumbi kwenye kompyuta nne za shule yao mjini Debre Markos, akatafuna kolo kidogo, shayiri ya kukaanga, kisha akaanza kazi. Ingawa alikuwa darasa la saba tu, Gashe Mesfin, kama walivyomwita kwa heshima mwalimu wa kompyuta, alimwachia programu ya kuandaa orodha ya watahiniwa.

Katika faili la orodha, kila taarifa ilikaa kati ya alama mbili, na alama hizo zilitaja ni taarifa ya nini. Programu ya Meklit ilikuwa na visanduku vitatu tu vya kuzipokea: jina, jina la baba na darasa. Mtu aliyejirudia, ilimwandika mara moja. Wiki ile faili lilikuja na taarifa ya nne: jina la babu. Programu ikagoma. Meklit, kwa haraka ya kusifiwa, akafuta mistari yote ya babu. Programu ikaenda kama maji.

Asubuhi orodha ilibandikwa ukutani. Tsehay wa darasa la nane akaja mbio.

"Tsehay Alemu yuko mmoja! Sisi tuko wawili!"

"Gawaneni," Dawit, mwanafunzi mwenzao, akamtania. "Wewe ufanye hesabu, mwenzako Kiamhari."

Meklit hakucheka. Kwao, majina mawili yakifanana, babu ndiye huwatenganisha watu. Na orodha ilitakiwa kutumwa kwa wasimamizi wa mtihani saa sita mchana.

"Labda faili lilikuja bovu," Gashe Mesfin akasema.

Kunyamaza kungekuwa rahisi.

"Hapana, Gashe. Ni mimi. Nilifuta mababu."

"Wote?"

"Mia mbili na kumi."

Mwalimu akajikaza asicheke. "Faili la kwanza ninalo. Warudishe."

"Niongeze kisanduku cha nne?"

"Na ikija taarifa ya tano?"

Meklit akakuna kichwa. "Basi nisiviweke mapema. Programu ikikutana na alama ngeni, itengeneze kisanduku palepale, ikiwa kazini, na kukipa jina la alama hiyo."

"Unangoja nini? Andika!"

Saa tano na nusu, Tsehay Alemu Bogale na Tsehay Alemu Wubshet walisimama mbele ya orodha mpya, kila mmoja kidole kwenye jina la babu yake.

"Tazameni kazi ya mwanafunzi wangu," Gashe Mesfin akasema kwa sauti ya kusikika uani. "Meklit, usitupe jambo kwa sababu hulijui, lipe nafasi. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo, maana kosa lililofichwa halirekebishiki. Sasa andika jina lako hapo chini, kama mwandaaji."

Meklit akaandika lake na la baba. Kisha, akitabasamu, akaongeza la babu.