Hodi Ndani ya Kompyuta

Haya yalimpata rafiki yangu Adela wa Matogoro, naye alinisimulia kwa sauti kavu, kama anayesoma bei za sokoni.

Kompyuta ile aliiunda marehemu mumewe, Osmund, kwa vipuri vya mashine mbovu za kampuni zilizobinafsishwa. Baada ya kuanua tanga, Adela akaendelea na kazi ya kuchapa mitihani ya shule. Lakini disketi walizomletea walimu zilikuwa hazifunguki, maana Windows yake ilikuwa ya zamani.

Fundi Baltazar alimpa CD ya Windows mpya. "Ila hiyo yako ni ya kuungaunga, mama. Ikigoma, usinilaumu."

"Nipe tu," alisema Adela. Tangu msiba hakuna kilichomtisha wala kumfurahisha.

Mchana huo mvua ilishuka, chumba kikawa giza. Adela alitia CD, na mstari wa buluu wa kupakia Windows ulikuwa umefika katikati ya kioo pale umeme ulipokatika. Mashine ya kusaga ya jirani ikanyamaza. Kioo kikazima. Feni ya kompyuta ikaendelea kuvuma gizani, na diski ikakwaruza kwaru, kwaru, kama kucha kwenye bati. Adela akachomoa waya ukutani. Feni haikukoma.

Kisha ndani ya kompyuta kukagongwa, taratibu.

"Hodi," ikasema sauti.

Mdomo wa Adela ukajibu kwa mazoea, kabla ya akili yake. "Karibu."

Feni ikasimama.

Osmund hakuwahi kupiga hodi nyumbani kwake, tena alikuwa mwembamba. Nyuma ya Adela kiti cha marehemu kikalia, kwiii, kwa uzito wa mtu mnene.