Jibu Lililokwenda Marekani

Ofisi ya mizigo ya Ruwais, mjini Jeddah, ilikuwa imefurika watu na maboksi hadi mlangoni. Valary alisukuma kiti cha magurudumu huku jasho likimtiririka ndani ya abaya. Kitini alikaa Baba, bosi wake, mhandisi mstaafu mwenye ndevu nyeupe na macho yaliyofifia. Gurudumu likanasa kwenye kamba.

"Woi, Mungu wangu, leo nimekwisha," alijisemea.

"Hujaisha bado. Shika huko nyuma, mie nanyanyua huku mbele."

Valary aligeuka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, kanzu yake imekunjwa mikono, kalamu sikioni. Jina lake Amir. Babu yake alihama Unguja mwaka 1964, na mjukuu alizaliwa hapo hapo Jeddah.

"Kumbe Msaudi anajua Kiswahili?"

"Mzanzibari anayejua Kiarabu. Na wee mrembo, wa wapi?"

"Kitale, Kenya. Na usiniite mrembo hapa. Utaniletea shida."

Hakuwa akiringa. Mwaka huo, 2013, mfanyakazi wa ndani akikutwa na mwanamume asiye nduguye angeweza kulala rumande, kisha kurudishwa kwao mikono mitupu. Pasipoti ya Valary alikuwa nayo Madam Hala, binti wa Baba, na mkataba ulikuwa umebakiza miezi kumi.

Lakini Baba alikuwa na kazi. Tangu ujana wake alipokuwa akisoma Marekani alikusanya santuri mia sita za muziki wa huko. Chuo alichosoma kilikuwa na hifadhi na makumbusho ya muziki huo, nao walikubali kuzipokea. Alitafuta mtu wa kuziorodhesha na kuzifunga. Akamchagua yule aliyenyanyua kiti.

Basi kila alasiri Amir alifika nyumbani kwa Baba, mtaa wa Al-Nuzha. Madirisha yalifungwa, muziki ukapigwa kwa sauti ya chini, maana majirani hawakupenda mambo hayo. Baba alisinzia kitini, Valary akifuta vumbi kwenye majalada, Amir akiandika. Chuo kilikuwa na sharti moja, na Baba alilirudia kila siku: kilichomo ndani ya jalada kisitolewe, iwe tikiti ya zamani, risiti au ua lililokauka. Hiyo nayo ni historia ya santuri.

"Sasa hili vumbi si historia pia?" Valary alinong'ona.

"Hilo lako peke yako, habibti."

Alicheka, akajiziba mdomo kwa kitambaa. Bangili zililia kwenye korido. Madam Hala akasimama mlangoni, akawatazama mmoja mmoja, akaenda zake. Valary akarudi kufuta vumbi.

Simu yake ilikaa kwa madam, akipewa saa moja tu kila Ijumaa. Siku nyingine waliandikiana vikaratasi, bila majina, na kuviacha ndani ya santuri yenye picha ya mpiga tarumbeta mwenye tai nyekundu. Siku moja Amir aliandika: "Mkataba ukiisha Machi, nije kwenu kukuposa? Ndiyo au hapana."

Valary alikisoma bafuni mara nne. Mama angeuliza habari za dini. Baba yake mzazi angeuliza mengi zaidi. Lakini moyo wake ulishajibu. Kesho yake mchana, akiwa peke yake chumbani, aliandika jibu, akalitia kwa mpiga tarumbeta, akaenda kupika.

Alichokosea ni hiki: santuri za mpiga tarumbeta zilikuwa mbili. Baba aliinunua santuri ile akiwa mwanafunzi, ikachubuka, akanunua nyingine, na ya kwanza asiitupe. Jibu liliingia kwenye ile iliyochubuka. Ilikuwa imeshaandikwa kwenye orodha, na jioni Amir aliipakia bila kuichungulia.

Alichungulia ile nyingine. Patupu. Akasubiri siku ya pili, ya tatu. Patupu. Siku ya nne alipiga msumari boksi la mwisho, akamuaga Baba, akapita jikoni bila kugeuza shingo.

"Amesoma ndiyo yangu akaniona rahisi," Valary aliwaza, machozi yakidondokea mchele.

Madam aliyaona machozi hayo. Wiki hiyo hiyo alimpeleka Riyadh, kwa dadake anayeishi Al-Naseem. Hakumpa sababu, na Valary hakuthubutu kuuliza. Ijumaa zikapita. Kila mmoja aliitazama simu, na hakuna aliyepiga.

Miezi mitatu baadaye Madam Hala alimwita Amir Al-Nuzha. Alimkuta sebuleni na karatasi mkononi. Baba alikuwa pembeni kitini.

"Chuo kimetuma picha hii kwa barua pepe," madam alisema kwa Kiarabu. "Wameikuta ndani ya santuri, hawajui lugha. Huu ni mwandiko wa Valary. Ni ule ule wa karatasi alizokuwa akibandika kwenye friji. Nisomee."

Amir alipokea picha ile. *Ndiyo. Ninaogopa, lakini ndiyo. Njoo nyumbani kwetu mchana, na wazee wako, mpitie mlango wa mbele.*

Simu ya madam ilikuwa mezani, wazi, dadake akisubiri upande wa pili. Neno moja tu, na Valary angetoka Al-Naseem kwa gari la polisi.

"Soma! Mbona unatoka jasho?"

"Ni... vitu vya sokoni, madam. Bizari. Ndimu. Sukari, na mchele wa... wa kupikia pilau."

"Vitu vya sokoni vimefikaje ndani ya santuri?"

Baba akakohoa.

"Alikuwa akifuta vumbi, binti yangu. Na bizari ilituishia kweli wiki ile, chakula hakikulika. Halas, basi, mwache kijana aende."

Hala alimtazama babake, akainua simu. "Mafi mushkila, hakuna shida," alimwambia dadake. Amir alipoinama kumbusu Baba kichwani, mzee alimbana kidole kwa nguvu.

Ijumaa hiyo, katika ile saa yake moja, simu ya Valary iliita kule Riyadh.

"Nimelipata wiki hii jibu lako," Amir alisema. "Lilikwenda Marekani kwanza."

"Ati nini?"

Alimweleza yote. Valary alikaa chini, sakafuni, akalia na kucheka kwa pamoja. "Miezi mitatu! Nikakulaani kila siku!"

"Nami nikakukasirikia kila siku. Nisamehe, mpenzi."

"Hiyo karatasi iko wapi sasa?" Sauti ilimbadilika. "Amir, iko wapi?"

"Chuo wanayo. Wameniandikia nami, maana jina langu liko kwenye orodha. Wanauliza ni nini, na kama wanaweza kuiweka kwenye kabati la maonyesho, pamoja na santuri yake."

"Hapana! Mtu akiiona, akaipiga picha, ikafika huku... Nimebakiza miezi mitano. Usinimalize."

"Sijawajibu. Ni yako. Useme wewe niwaandikie nini."

Valary alipapasa upindo wa sare yake. Ndani yake mlikuwa na kitu kidogo kigumu, kikaratasi cha Amir, alichokishonea humo siku aliyohamishwa.

"Waambie ni jibu. Swali ninalo mimi, nitawatumia nikifika. Lakini waifunge, asiisome mtu mpaka niwe kwetu. Na wewe, ulisoma vizuri? Mlango wa mbele?"

"Na wazee wangu. Mchana."

"Kuna mtu anakuja," alinong'ona, na simu ikakatika.

Amir alikiandikia chuo jioni ile: *Aina: jibu. Lugha: Kiswahili. Isifunguliwe mpaka mwandishi afike kwao.* Wakakubali, wakaifunga kwenye bahasha. Kisha kila Ijumaa aliomba asikie sauti ya Valary, na Ijumaa mbili hakuisikia, akashindwa hata kula.

Machi ilipokaribia kwisha, mtunza hifadhi kule Marekani alipokea picha mbili. Moja ni ya kikaratasi chenye alama za sindano pembezoni. Nyingine ni ya mlango wa bluu huko Kitale, jua la mchana, wazee watatu wa kanzu na kofia wakipanda ngazi, na msichana mwenye gauni la kitenge amesimama kizingitini. Chini yake Amir alikuwa ameandika neno moja.

"Fungueni."