Chokaa Ndani ya Kopo la Klorini

Ulimwona Mzee Kasmiri amelala mlangoni mwa bweni la wanaume, ukageuza shingo. Usikatae. Mlipita wengi pale hosteli ya mahujaji Kiriba asubuhi ile ya mwaka tisini na mbili, rozari mkononi, mkajifanya mnatazama ziwa. Mzee alikuwa ametembea kutoka Butiama kuja kuhiji. Kipindupindu kilimkausha kwa usiku mmoja. Macho yalizama, ngozi ya vidole ikajikunja kama ya mtu aliyefua kutwa. Aliyemfunika ni Inspekta Nassibu, Mwislamu wa Nyasura, kwa koti lake mwenyewe.

Kufika saa nne maiti zilikuwa mbili, na mahujaji kumi na saba wako kwenye dripu. Kamati ya hosteli ilikuwa na jibu tayari: Pelagia. Ndiye mwenye ufunguo wa stoo, ndiye anayetia klorini kwenye mapipa ya maji ya kunywa. Polisi walipompakia kwenye Land Rover, wanawake wenzake walimzomea.

"Mama Usafi! Leo usafi wako uko wapi?"

Mahabusu, Musoma mjini, Nassibu alimkuta amekaa sakafuni. Mjane, watoto watatu.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kiunoni, afande. Nalala nao."

"Hujawahi kumpa mtu?"

"Jumamosi tu. Dada Dafroza anachukuaga chokaa ya kupaka vyoo. Stoo ni hiyohiyo."

"Na klorini?"

"Mpaka Jumanne ilikuwaga inachoma pua. Jumatano nikaona imekufa nguvu. Nikamwandikia katibu wa kamati barua. Akaniambia nisitishe mahujaji, hija ni mara moja kwa mwaka."

"Ukaendelea kuitia kwenye maji?"

"Ningetia nini kingine, afande?" Akamtazama usoni. "Nikifungwa, wanangu wanakwenda kwa nani?"

Nassibu alifunga daftari. Alirudi Kiriba na Bwana Afya. Walilimwaga kopo la klorini juu ya gazeti. Bwana Afya akachota unga kwa ncha ya kisu, akanusa, akakunja uso.

"Hii chokaa, Inspekta. Mtu alitoa klorini, akajaza chokaa, kisha akarudishia klorini kidogo juu. Ya juu ilipoisha, watu wakanywa ziwa kama lilivyo."

"Pelagia mwenyewe?"

"Angeandika barua ya kujishtaki?"

Basi alibaki Dafroza. Lakini kuingia stoo si kosa, na kamati nzima ingeapa kwamba mama huyu ni mtakatifu. Miaka kumi na minne alifua vitambaa vya altare kanisani bila kukosa Jumamosi hata moja.

Nassibu aliwaza hiyo miaka kumi na minne. Mwezi uleule, aliyekuwa koplo wake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha jinsi ya kuandika maelezo ya shahidi, alikuwa amepandishwa cheo juu yake, akapewa na gari. Nassibu alimpongeza kwa mkono wa kulia. Kila alipolisikia lile gari likipita Kitaji, chakula kilimgeuka mdomoni. Alijua wivu unakaa wapi mwilini.

Misa ya mazishi aliisikiliza akiwa amesimama nyuma. Mbele yake wanawake wa chama cha kanisa walikuwa wamejipanga, kila mmoja na kitambaa cheupe kichwani. Cheupe kwa jina: maji ya pale, na matope yake, yalikuwa yameshavipa vyote rangi ya chai ya maziwa.

Isipokuwa kimoja. Cha Dafroza kiliumiza macho.

Alimfuata sakristia, chumba cha nyuma ya altare, akamkuta anakunja vitambaa vya altare.

"Pole na msiba, mama. Unafulia nini?"

"Sabuni ya mche, baba. Na jua la Mungu."

"Niazime kitambaa chako."

Akampa, akitabasamu. Nassibu alishika pindo kwa vidole viwili, akavuta taratibu. Likaachana kama karatasi iliyolowa.

"Mama yangu alikuwa dobi, Nyasura," alisema. "Kuna dawa aliitumia mara moja, ikala kanzu tatu za watu. Inang'arisha leo, kesho uzi umeoza. Klorini uliyobaki nayo iko wapi?"

Dafroza alitazama lile pindo muda mrefu.

"Nyumbani. Kwenye debe, nyuma ya kihenge."

"Kwa nini hukuimwaga ziwani? Nisingekupata."

"Nimwage?" Alishangaa kweli, kana kwamba ameambiwa amwage unga. "Wewe hukufulia majani ya mpapai ile miaka ya foleni, sabuni hakuna? Mimi nilifulia altare kwa majani ya mpapai, baba! Kitu kinachong'arisha hivi, mkono wangu ulikataa."

"Basi sema. Kwa nini ulikichukua?"

Akakaa. Sauti ikashuka.

"Miaka kumi na minne padri hajalitaja jina langu. Huyu Pelagia kaenda kozi wiki mbili, karudi na cheti, na buti, na aproni. Kanisa zima linampigia makofi, Mama Usafi. Mimi nikaachiwa vyoo! Na zile funguo... alikuwaga anatembea zinalia kiunoni. Chwi, chwi, chwi. Nazisikia mpaka kitandani. Nilitaka watu waharishe kidogo tu, wamnyang'anye."

"Na Mzee Kasmiri?"

Uso ukamvunjika.

"Huyo nilimpokeaga kila mwaka. Kitanda chake nilimtandikia mwenyewe. Kikombe cha maji nilimpa kwa mkono huu."

Nassibu alimfunga pingu kwa upole, kisha akaenda kuvuta droo ya katibu. Barua ya Pelagia ilikuwemo. Imefunguliwa. Pembeni kwa wino mwekundu: *Imesomwa. Ihifadhiwe.*

Pelagia alitoka mahabusu jioni. Hakuna aliyekwenda kumpokea. Waliomzomea walikuwa wamepata jambo la kutazama upande mwingine.

Dafroza alihukumiwa. Katibu hakuulizwa chochote, na msimu uliofuata alisimama getini kukaribisha mahujaji. Mimi sijasahau, na wewe hutasahau kwa sababu nimekwambia. Hosteli kama ile iko karibu na kwako. Ina mapipa, ina kopo, ina mwanamke aliyeandika barua. Weka kitabu chini. Nenda sasa hivi, fungua kopo, nusa. Lisiponuka klorini, usimpelekee mtu barua: pindua pipa, mbele ya macho yao wote.