Shimo la Takataka na Muhogo wa Kezimana

Kezimana alikuwa akipalilia muhogo nyuma ya kituo cha afya, kwenye njia ya Swima. Kiwanja ni cha kituo. Yeye na mumewe Eloge walitoka Burundi, wakaazimwa walime. Shamba lingine hawana.

Asubuhi moja muganga wa kituo alikuja.

"Mama, shimo letu la takataka limekaribia kujaa. Tutachimba lingine hapa."

"Katikati ya muhogo?"

"Nafasi nyingine hakuna."

"Lakini muko na tanuru ile ya kuchomea takataka. Muchome, ipunguke."

"Tanuru imetushinda. Inatoa moshi tu. Haya, Anastasie aiangalie kwanza. Akishindwa, tunachimba."

Anastasie ndiye anayetunza usafi wa kituo, na ni mgeni pale. Alifungua mlango wa tanuru, akavuta kwa reki. Yakatoka maganda mabichi ya muhogo na matumbo ya samaki. Bamama wanaolinda wagonjwa hupika uani, halafu humwaga humo.

"Mama Kezimana, nikutege kitendawili," akasema Anastasie. "Anakula bila kushiba, ukimunywesha maji anakufa."

"Huyo ni moto."

"Sasa nani anamunywesha huyu wetu kila siku?"

Kezimana akaangalia beseni lake. Wifi yake alikuwa amelazwa, na yeye pia alikuwa akimwaga humo.

"Ni siye," akasema. Bamama wakacheka.

Anastasie akawaonyesha. Maganda na mabaki ya chakula hukaa kando, yaoze yawe mbolea. Karatasi, bendeji na masanduku ya sindano huchomwa yakiwa makavu. Chupa za dawa haziingii, zinapasuka. Na anayechoma ni yeye peke yake, watoto wakiwa mbali na moshi.

Siku hiyo moto ukawaka sana. Rundo refu kama mtu likabaki majivu ya kujaza karai.

"Nipe, niweke kwenye maharagi," akasema Kezimana. "Kwetu tunafanya hivyo."

"Majivu ya jikoni kwako, sawa. Haya hapana, yametoka kwa sindano. Yanaenda shimoni. Chukua maganda yakishaoza."

Mvua zikaisha, muhogo ukakomaa. Shimo lilikuwa bado na nafasi. Siku moja Eloge akamuona muganga amesimama kati ya mistari ya muhogo.

"Muganga, unapima shimo tena?"

"Sipimi, baba. Nimekuja kuomba majani haya ya muhogo, nipike sombe."