Sentimita Mbili za Mshono

Ulikuwepo. Usijifanye hukuwepo. Siku ile mtu asiye na kosa alipofokewa mbele yako, nawe ukweli unaujua, ulifanya nini? Uliinama ukafunga kamba za kiatu zilizokuwa zimefungwa tayari. Basi sikiliza habari ya mwenzako, maana mmeinama pamoja.

Kila Jumamosi asubuhi, msichana mmoja wa darasa la sita alifagia vipande vya uzi chini ya cherehani ya shangazi yake. Shuleni walimwita Profesa, kwa kuwa katika hesabu hakuwa na mpinzani, na jina hilo lilikuwa limempanda kichwani. Wiki hiyo shangazi alikuwa akishona blanketi la viraka, la kumfunika bibi atakaporudi kutoka hospitalini. Viraka vyeupe vilikuwa tayari. Vilibaki vya buluu, arobaini.

"Kila kiraka kikishashonwa kiwe sentimita ishirini kwa ishirini," shangazi alisema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Kitambaa kina upana wa mita moja na kumi. Nipigie hesabu nisikie, kabla hujaenda dukani."

"Aa, shangazi! Hiyo ni hesabu ya chekechea. Nitapiga njiani."

"Haya, Profesa. Ila kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani."

Njiani akapiga. Kwenye upana vinaingia viraka vitano. Arobaini gawanya kwa tano, mistari minane. Nane mara ishirini, mia na sitini. Muuza vitambaa, mzee wa miwani minene, alikilaza kitambaa kando ya ubao wake wa mita, akakata mita moja na sitini.

"Kamsalimie fundi," alisema. "Mwambie blanketi likibaki kipande, anifunike na mimi."

Mchana shangazi alichukua kigezo chake, kadibodi ya mraba, akaanza kukata. Mstari wa saba ulipokwisha, kilibaki kitambaa chembamba kisichotosha hata leso. Akahesabu viraka. Thelathini na vitano.

"Vimepungua vitano! Ulimwambia akukatie ngapi?"

Profesa alikitazama kigezo. Kilikuwa sentimita ishirini na mbili. Mshono hula sentimita moja kila upande. Hilo alilijua tangu alipokuwa akitambaa chini ya cherehani ile ile. Mashavu yakamwaka. Ulimi ukatangulia akili.

"Moja na themanini."

Shangazi alijumlisha vilivyokatwa na kilichobaki. "Hapa ipo moja na sitini! Amenipunja! Nifuate."

Alianza kufoka angali kwenye kizingiti cha duka. "Mzee mzima na mvi zako, unampunja mtoto?"

"Fundi, miaka yote hii, nimewahi kukupunja hata kidole?"

"Labda miwani imechoka," mteja mmoja alidakia, wengine wakacheka. Mama mwenye kikapu alikirudisha kitambaa alichokuwa amekichagua, akatoka bila kuaga.

Mzee alimgeukia Profesa. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mjukuu wangu, hebu sema wewe. Uliniambia ngapi?"

Profesa aliinama. Alivitazama vidole vyake vya miguu kimoja kimoja, kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Akasikia mkasi ukikata. Mzee alikuwa akimpa shangazi kipande cha sentimita ishirini.

"Chukua, yaishe," alisema. "Labda ni uzee."

Labda ni uzee! Maneno hayo yalimfuata Profesa njia nzima kama jiwe ndani ya kiatu. Hakumvunjia mzee jina tu. Alimfanya ayashuku hata macho yake mwenyewe.

Nyumbani shangazi aliweka kigezo juu ya kipande kile. Kigezo kilizidi kwa sentimita mbili.

"Hata hiki hakitoshi? Angekata moja na themanini kwa mpigo kingetosha. Huyu anatuchezea! Narudi, na leo mtaa mzima utamjua."

"Usiende, shangazi!" Profesa alimshika mkono. "Nilimwambia moja na sitini. Nilisahau mshono. Nikakudanganya."

Shangazi alikaa kitako.

"Umenifanya nimtukane mtu mzima kwa mdomo wangu," alisema. "Kukosea hesabu si ajabu. Mimi niliwahi kukata suruali ya bwana harusi ikawa kaptura. Lakini sikusema ameiharibu bwana harusi. Simama, twende."

"Tusubiri wateja waondoke, shangazi. Nitamwomba radhi akiwa peke yake."

"Ulimnyamazia mbele za watu. Utamsafisha mbele za watu."

Dukani Profesa alianza kwa kunong'ona.

"Sauti!" alisema shangazi.

"Mzee hakutupunja!" Profesa alipaza sauti. "Mimi ndiye niliyekosea hesabu. Halafu nikasema uongo."

Yule mteja aliyesema miwani imechoka aligeukia ukuta, akajifanya anachagua vifungo. Profesa hakungoja kusukumwa tena. Alitoka mbio hadi duka la pili, akamsimamisha mama mwenye kikapu, akayarudia maneno yale yale. Mama akarudi naye.

Mzee alivua miwani, akaifuta polepole. "Kumbe macho yangu bado yamo."

"Nisamehe na mimi," shangazi alisema. "Nilifoka kabla ya kuuliza." Akamrudishia kipande chake. "Profesa, mwambie akate ngapi."

"Ishirini na mbili, babu. Na mshono umo."

Blanketi lilikamilika kabla bibi hajarudi. Shangazi alipokuwa akikata uzi wa mwisho, alisema, "Ukikosea, sema palepale. Ukinyamaza, kosa lako huvalishwa mwingine, na humkaa vibaya kwa sababu hakupimiwa yeye."

Nawe uliyeinama: yule uliyemnyamazia bado anatembea na kosa lisilo lake. Jina lake unalijua, na waliomcheka unawajua. Usiseme kesho. Funga kitabu, nenda sasa hivi, ukaseme pale pale uliponyamaza, tena kwa sauti.