Boga la Pikipiki ya Kathir

Vasuki alikuwa ameinamia mashine ya kusagia, mkono umezama kwenye mchele na dengu za dosa, zile chapati nyembamba za uji uliochacha, Kokila wa nyumba ya pili alipoingia bila kubisha na kusema kwamba yule kijana aliyeanguka na pikipiki alfajiri amefariki.

Mashine iliendelea kuzunguka.

"Sahayam," Kokila alisema. "Mtoto wa yule mama muuza maua, Arokiya. Alikuwa anawahi zamu kiwandani, akateleza juu ya boga lililovunjwa pale njia tatu, kwenye makutano. Maboga, akka, dada yangu. Watu na maboga yao." Alichovya kidole kwenye uji wa dosa, akaonja, akakunja uso. "Nyie la kwenu mlilivunjia wapi?"

"Ukutani. Pale kiwanja cha wazi."

"Afadhali yenu. Kuna kitambaa kilinasa kwenye mnyororo wa pikipiki yake. Cha miraba ya buluu, kama sare za shule za zamani. Arokiya amekikamata mkononi tangu asubuhi, hataki kukiachia. Halii hata. Anauliza kitu kimoja tu, boga lilikuwa la nani."

Vasuki alizima mashine. Aliuangalia mkono wake mweupe kwa uji mpaka Kokila akaondoka.

Pikipiki ilikuwa ya Kathir, mwanawe mkubwa. Miaka mitatu aliitaja kama wenzake wanavyowataja wachumba. Toleo la kwanza alilikataa kwa sababu lilimlaza mtu kifudifudi juu ya tangi kama mjusi, ukifika kazini mgongo umekwisha. Kisha wakatoa jipya. Sura ile ile ya mbio, mdomo ule ule uliochongoka, ila usukani wameuinua, kiti wamekinenepesha, na injini wameifundisha adabu, mtu aweze kuikokota kwenye foleni bila kuungua mapaja. Ya kwendea kazini Jumatatu na kukimbiza Jumapili, Kathir alisema. Vasuki alisikia neno moja tu: kukimbiza.

Jana ilikuwa sikukuu ya zana, siku ambayo mji mzima wa Hosur huosha kila chenye chuma, kuanzia kisu cha jikoni hadi lori, na kukipaka msandali na unga mwekundu. Pikipiki ilivishwa shada la maua ya manjano. Arokiya ndiye aliyelisuka, akaongeza waridi mbili bila kuombwa. Ndimu ziliwekwa chini ya magurudumu, Kathir akazipasua kwa kupita juu yake. Majirani walisimama malangoni wakitazama.

Walitazama sana.

Kwa macho kama hayo kuna boga. Unalichimba tundu, unalijaza unga mwekundu, unawasha kafuri juu yake na kulizungusha mara tatu mbele ya chombo. Husuda yote inaingia humo. Kisha unalivunja chini. Mama mkwe wa Vasuki, Thangammal, alimwambia alivunjie ukutani, pasipopita mtu, na akimaliza afagie.

Vasuki hakufika ukutani. Tangu utotoni alisikia kwamba penye magurudumu mengi husuda huchukuliwa mbali zaidi. Akaenda njia tatu. Na ili lisichanganyike na maboga ya wengine, alikuwa amelifunga kwa ukanda aliouchana kwenye shati la shule la Kathir, alilolitunza miaka yote hiyo kwa sababu ambazo hakuwahi kumwambia mtu.

Alilipasua katikati ya barabara. Moyoni alisema: liende kwa mwingine.

Hakumtaja mtu. Hakusema mtu afe. Alisema mwingine, basi. Kisha akageuka bila kutazama nyuma, kama inavyotakiwa. Kufagia hakufagia. Mgongo ulimuuma, na kulikuwa na vyombo vya watu kumi, pamoja na wageni wa sikukuu, vinamngoja.

Sasa jua lilikuwa linazama. Alinawa mkono, akachukua ufagio na ndoo. Thangammal, aliyekuwa amekaa barazani akichambua mboga, aliuangalia ule ufagio, akamwangalia na yeye. Kisha akarudi kwenye mboga zake.

Njia tatu ilikuwa tupu. Saa kama ile huwa haipiti dakika bila lori, lakini leo... kimya. Lami ilikuwa na doa jekundu na vipande vya boga vilivyosagika, vimekauka kama maganda. Vasuki akainama, akafagia. Vipande vikaingia kwenye ndoo. Akafagia tena. Chini ya vile vya kwanza kulikuwa na vingine. Hivi vilikuwa vibichi. Vilikuwa na maji.

Harufu ikapanda. Boga bichi na kafuri. Na kitu kingine chini yake, kama chuma kilicholowa.

Akafagia haraka zaidi mpaka lami ikabaki tupu. Ndoo ilikuwa imejaa mara mbili ya boga alilolivunja.

Nyuma yake pikipiki ikaunguruma polepole, ikasimama.

Hakugeuka. Mama anamjua mwanawe hata kwa jinsi anavyozima injini. Alikuwa anatafuta uongo wa kumwambia, na hakupata, kwa hiyo alisema lile analolisema kila jioni. "Umeshakula? Nenda nyumbani, nakuja kukupa chakula."

 Sauti ndogo, kama ya mtu anayeongea na shuka limemfunika uso, ikamwita mama.

"Amma. Umechelewa kufagia."

Vasuki akageuka.

Pikipiki haikuwa ya Kathir. Ilikuwa ndogo, ya zamani, tangi limebonyea upande. Aliyeipanda alikuwa na helmeti, kioo kimeteremshwa, na ndani ya kioo hamkuonekana uso. Miguu yote miwili ilikuwa juu ya vikanyagio. Haikugusa chini. Pikipiki ilisimama hivyo hivyo, wima, kama imeshikwa na mtu mwingine.

Kwenye mnyororo palining'inia uzi mmoja wa buluu.

"Mama yangu anauliza boga lilikuwa la nani."

Angeweza kusema. Neno lilikuwa limekaa kwenye ulimi, fupi tu, *langu*. Lakini aliona mara moja kitakachofuata: Arokiya mlangoni pake na kitambaa mkononi, mtaa mzima nyuma yake, Kathir akitazama shati lake la shule na kujua amenunuliwa usalama kwa bei gani.

"Sijui," alinong'ona. "Yalikuwa mengi."

Helmeti iliinama kidogo, kama mtu aliyejibiwa vizuri.

"Haya. Umesema kuna chakula."

Ikaondoka bila taa, kuelekea mtaa wake.

Vasuki alikimbia. Hakuwa amekimbia tangu Yazhini, binti yake, aanze kutembea. Ndoo aliiacha palepale. Alipofika, lango lilikuwa wazi, na Thangammal bado yupo barazani na sinia la mboga.

"Kathir amerudi," bibi alisema. "Hakunisalimia. Amepita nyuma kunawa."

Bomba la uani lilikuwa linamwaga maji. Hapakuwa na mtu. Kwenye saruji kulikuwa na nyayo zenye maji, zikitoka bombani kuelekea mlango wa jikoni. Zilinuka boga.

Hakuna zilizotoka jikoni.

Alifunga bomba, akakaa juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa. Nusu saa nzima alisikiliza barabara. Kila injini iliyopita aliipima. Siyo. Siyo. Siyo.

Saa moja na robo Kathir aliingia akiisukuma pikipiki kwa mikono. Goti la suruali lilikuwa limechanika. Alicheka, akasema sijaanguka, Amma, nimebusu lami kidogo tu, usinifungie ndani kama kuku. Ilikuwa pale njia tatu. Mwendo wa mtu anayekwenda sokoni, na bado gurudumu la nyuma likamkimbia.

"Nani amemwaga boga tena pale?" aliuliza. "Pamelowa kabisa. Hata ndoo wameiacha."

Vasuki alimshika mabega, akayapapasa kama anayetafuta mfupa uliohama. Kwenye goti lake kulikuwa na wekundu. Alilowesha pembe ya sari, akasugua. Mwingine ulikuwa damu. Mwingine ulikuwa unga, haukutoka.

"Nikishakula nitaenda kwa kina Sahayam," Kathir alisema. "Zamu moja tulikuwa. Wanasema mama yake hanywi hata maji. Anauliza lilikuwa la nani."

"Kula kwanza," alisema Vasuki.

Alipika dosa kwa moto mdogo, mojamoja, mgongo kwa wenzake. Chellappan mumewe alikuja na gazeti. Yazhini alitandika mkeka, akagawa sahani, akasimama.

"Amma, umetoa sahani sita. Tuko watano."

Vasuki hakugeuka. Hakukumbuka kutoa sahani yoyote. Jikoni kulikuwa kumeanza kunuka kafuri.

Ni Thangammal aliyejibu, kwa kusogea. Bibi alijikokota upande wa ukuta, taratibu, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na Kathir. Kisha akaiweka sahani ya sita mbele ya nafasi hiyo na kumwangalia mkwewe.

"Utamwambia mama yake?" aliuliza, kwa sauti ya chini sana.

"Kesho."

Thangammal alitikisa kichwa, polepole, si kwa kukubali.

Vasuki aligawa dosa na mchuzi. Alipofika sahani ya sita mkono ulisita, kisha akaitilia kama nyingine. Kathir alivuta shati lake karibu na mwili, akasema kuna baridi upande huu, akaendelea kula.

Vasuki akawahesabu, kama kila jioni. Chellappan. Thangammal. Yazhini. Kathir, mzima, mdomo umejaa. Na yeye mwenyewe.

Pembe ya dosa kwenye sahani ya sita ilikuwa imemegwa.

Wote walikuwa wamefika.